Mcheri Mfupi Katika Uwanja Mdogo

(Mazungumzo ya mwanachama nambari 4 kwenye sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Reading, Uingereza, 2024)



Awali ya yote naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa dakika kumi hizi. Niliombwa nizungumzie faida za kikundi. Lakini hizo Mwenyekiti ameshazieleza vizuri, na hesabu mmesomewa. Mimi naomba nizungumzie mti wangu. Msicheke, mtaona unavyohusika.

Tulipoanza mwaka 2014 tulikuwa kina mama 12, kila mmoja pauni 50 kwa mwezi. Zamu yangu ikaangukia Desemba. Nikapokea pauni 600 mkononi, fedha ambayo sijawahi kuishika kwa pamoja tangu nifike nchi hii. Pauni 550 nilizituma Tanga siku ileile, za bati la nyumba niliyokuwa najenga. Nyingine viatu vya watoto. Zikabaki pauni 8, na nikiwa napita duka la miche nikakuta kijiti kimewekwa pembeni pamoja na vitu vilivyoshushwa bei. Hakina jani hata moja. Karatasi yake ilikuwa na picha ya maua meupe yenye wekundu kidogo, nikanunua. Baba watoto akaniuliza, "Umeanza kununua kuni?"

Sikumwambia mtu wa kikundi. Katiba yetu inasema fedha ya zamu si ya anasa, na mimi nilikuwa wa kwanza kuipigia makofi.

Kijiti kile ni mcheri wa maua, aina ya Prunus incisa, jina lake la dukani Kojo-no-mai. Asili yake ni Japani, kwenye miteremko ya mlima Fuji na milima ya jirani. Sisi tuliokua tukisikia sifa za Kilimanjaro tunajua mti wa mlimani hauna papara. Matawi yake yanakwenda kwa kupindapinda, kushoto kulia, kama mtu aliyelewa, na ndiyo maana hata bila majani una sura. Machi hivi, kabla ya jani lolote kutoka, unajaa maua. Vuli majani yanakuwa ya rangi ya chungwa na nyekundu. Kimo chake haukuzidi mtu mrefu kwa miaka mingi. Kwa sisi wenye viuwanja vya kuanikia nguo, huo ndio mti. Hii micheri mikubwa ya barabarani itakunyima jua wewe na jirani.

Nyumba ilikuwa ya kupanga na mwenye nyumba hakutaka mtu achimbe. Nikautia kwenye chungu. Lakini niseme kweli, hata angeruhusu nisingechimba. Tulikuwa na msemo wetu nyumbani: mwakani tunarudi. Mti wa chunguni unaweza kumwachia mtu. Wa ardhini umekwisha kuuahidi kitu.

Chungu kina masharti yake. Lazima kiwe na matundu chini, kwa sababu mcheri ukisimama ndani ya maji mizizi inaoza. Udongo wenyewe uwe na uzito kidogo, si mboji tupu ambayo ikikauka haishiki maji tena. Kiangazi unamwagilia karibu kila siku, hata mvua ikinyesha, maana mvua ya hapa inalowesha majani tu. Na kila baada ya miaka miwili au mitatu unahamishia chungu kikubwa zaidi. Hilo la mwisho sikulifanya.

Sasa nije kwenye kosa kubwa. Januari 2017, siku nina hasira zangu za kazini, nikatoka na kisu cha jikoni nikaupogoa. Nilidhani mti ukiwa umelala hausikii. Kumbe mcheri haukatwi masika wala wakati wa baridi. Hali ya unyevu ndipo vimelea vya ukungu vinaporuka hewani na kuingia kwenye kidonda kibichi. Unakatwa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, siku kavu, tena kidogo tu. Ilipofika Juni, tawi moja kubwa majani yake yaling'aa kama yamepakwa fedha. Nilifurahi! Nikawaita watoto waje waone mti wa fedha. Na kwenye shina ikawa inatoka gundi ya kahawia.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa kikundi hiki, amekaa pale nyuma na hataki kutajwa. Baba yake alikuwa akipogoa kahawa Moshi. Alikuja kwangu kuchukua kitabu cha mahudhurio, akauona, akavua koti. Akakata lile tawi, akanionyesha ndani ya mti lina doa jeusi katikati. Akashuka chini tena, akakata, bado doa. Akashuka tena mpaka akapata mti mweupe safi, ndipo akasimama. Kila mkato akipangusa mkasi kwa spiriti. Yale matawi tukayachoma. Mti ukabaki nusu, upande mmoja tu, kama mtu aliyekatwa mkono. "Utaishi?" nikamwuliza. Akasema, "Mbona umeuficha siku zote hizi?"

Mwaka uliofuata, 2018, nilikwenda Tanga. Nyumba nilikuta kuta, na ndani ya kuta majani yamefika kiunoni. Bati hakuna. Aliyekuwa akipokea fedha ni mtu wangu wa karibu, naye simtaji. Basi nilikaa kwenye msingi nikapiga hesabu ya zamu zangu zote. Ile ya kwanza, kina mama, kitu pekee nilichoweza kukionyesha kwa macho ni mcheri wa pauni 8 wenye upande mmoja.

Niliporudi nilianza kusoma habari zake maktaba. Humo nikamkuta Mwingereza mmoja, Collingwood Ingram, aliyeishi Kent na kupenda micheri kupita kiasi. Mwaka 1926 alikuwa Japani, wenyeji wakamwonyesha picha ya zamani ya mcheri wa maua makubwa meupe, wakamwambia umekwisha kutoweka kwao. Yeye akautambua: ulikuwapo kwenye bustani moja Sussex, uko taabani. Akawapelekea vikonyo vya kubebeshea, vikachomekwa ndani ya viazi visikauke, vikapita kwa treni ya Siberia. Mwaka 1932 mti ulishika kwao tena. Nilipoisoma habari hiyo nililia, sijui kwa nini.

Mnakumbuka Machi 2020 tulivyofungiwa ndani, mkutano wetu ukawa wa simu, na wenzetu wawili wakiwa zamu hospitali. Wiki ile mti ulichanua. Nikawatumia picha, na ndipo nikakiri umetoka wapi. Mweka Hazina akajibu, "Faini tutazungumza baadaye." Bado hatujazungumza.

Mwaka 2021 tulihamia tulipo sasa, na kiuwanja chake ni hatua nne kwa tano. Novemba, majani yalipopukutika, niliutoa chunguni. Mizizi ilikuwa imejizungusha yenyewe kwa yenyewe kama kata ya kubebea ndoo kichwani. Nikaikunjua kwa vidole, iliyokataa nikaichana. Shimo pana, si la kina; shingo ya mti ibaki usawa uleule uliokuwa chunguni. Udongo wa kwetu pale ni mfinyanzi, nikauinua tuta kidogo maji yasituame. Leo unanifika begani, na upande ule uliokatwa umetoa matawi mawili.

Mwenyekiti, kwenye mkutano mkuu ujao kuna pendekezo kwamba mikopo itolewe kwa shughuli za nyumbani Afrika tu. Mimi nitalipinga, na sababu zangu mmezisikia. Dada anayetaka kulipia kozi hapa, au kuweka rehani ya nyumba hapa, asilazimike kuficha kama nilivyoficha mimi.

Wapo walioniuliza kama naweza kupeleka mche Tanga. Hapana. Mti huu unahitaji miezi ya baridi ili macho ya maua yafunguke. Plamu na pichi zinazaa Lushoto kwa sababu juu kule kuna kibaridi, pwani hakuna. Tanga tuna kilua na mwasumini.

Ila Juni mwaka jana nilichomeka vipande vitatu laini kwenye mchanga na mboji, nikavifunika mfuko wa nailoni. Kimoja kimeshika. Kipo mezani pale, karibu na keki, na ni cha Mweka Hazina, badala ya ile faini. Dada, tafadhali usikiweke sebuleni penye hita. Kikae nje, hata siku ya theluji.