NENO LISILO NA MWENYEWE
Hotuba ya Kamati ya Jamii kwa wazee na vijana, Siku ya Wakimbizi Duniani



Kwa niaba ya Kamati tunawakaribisha katika sherehe hii, ambayo huadhimishwa kila tarehe 20 Juni tangu mwaka 2001. Miaka iliyopita tulisimama hapa tukazungumza juu ya maji, kuni, shule na posho. Mwaka huu wajumbe wa mabloku wametuomba tuzungumze juu ya jambo lisiloshikika kwa mkono, lakini ambalo limeanza kututenganisha: habari za uongo zinazopita katika simu zetu, na namna zinavyowanasa wazee kwa njia moja na vijana kwa njia nyingine.

Hatuwezi kuwafundisha wengine kabla ya kuungama kosa letu wenyewe. Siku moja ujumbe uliingia katika simu zetu. Ulisema kuna orodha mpya ya safari ya nchi ya tatu, kwamba majina yataandikwa Jumamosi, na kwamba ada ya fomu itumwe kwa namba iliyokuwa chini yake. Ujumbe ulikuwa na nembo na muhuri. Kijana mmoja aliuleta, mzee mmoja akausoma kwa sauti, na sisi Kamati tukautangaza kwa kipaza sauti bila kumwuliza mtu yeyote. Watu walipanga mstari tangu saa tisa usiku. Mama mmoja mjane aliuza mahindi ya mwezi mzima ili atume ile ada. Jumamosi ilipita, hakuna aliyekuja kuandika, na fedha hazikurudi. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Leo tunamwomba radhi tena mbele ya watu wote. Na tunarudia kwa kila mtu asikie: huduma za HCR ni bure. Anayedai fedha ili jina lako liingie katika orodha ni mwizi, hata kama ana muhuri.

Baada ya aibu ile tulikaa kikao. Vijana walisema, "Wazee hawajui simu, wanaamini kila kitu." Wazee walijibu, "Nyinyi ndio mliotuletea hizo simu na uongo wake." Kikao kilikuwa kikali. Lakini tulipotulia tuliona kwamba ujumbe ule ulipita katika mikono ya pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na udhaifu wake.

Tuanze na wazee. Wengi wao walikua katika zama ambazo sauti iliyotoka katika redio ilikuwa sauti ya serikali. Gazeti lilikuwa na mhariri, barua ilikuwa na sahihi. Mtu aliyezoea hivyo, akiona maandishi yamepangwa vizuri na nembo juu, huona kwamba lazima yupo mkubwa aliyeyakubali. Katika simu hayupo. Mtu yeyote anaweza kutengeneza nembo akiwa amekaa chini ya mwembe.

Udhaifu wa pili wa wazee unatoka katika mateso yao. Aliyekimbia Bujumbura mwaka 1993, au Kigali mwaka 1994, au Uvira mwaka 1996, akiletewa habari kwamba watu wa kabila fulani wanakusanya mapanga, haulizi kama ni kweli, kwa sababu aliwahi kuyaona mapanga. Uongo unaofanana na jambo lililokupata huingia bila kubisha hodi. Hatuwalaumu wazee kwa hilo. Tunasema tu kwamba mtungaji wa uongo anajua kidonda kiko wapi.

Lakini wazee hao hao wanajua kitu ambacho vijana hawakijui. Wanajua maneno yanaweza kufanya nini. Redio RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda Julai 1993, kwa muziki na mizaha ambayo vijana wa wakati ule waliipenda. Haikupita hata mwaka mmoja, redio ile ile ilikuwa ikitaja majina ya watu wa kuuawa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani tarehe 3 Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio ile, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini haikuwaachia huru. Vijana wetu, hao hawakuhukumiwa kwa sababu ya kushika panga. Kosa lao kubwa lilikuwa maneno.

Sasa tuje kwa vijana. Wengi wenu mmezaliwa hapa kambini, au mlifika mgongoni mwa mama. Mnajua kufungua picha, kuikata, kuiongezea sauti. Mnajua kwamba siku hizi kompyuta inaweza kuigiza sauti ya mtu na kumtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Hiyo ni elimu, na tunaiheshimu. Lakini yule anayejiona mjanja ndiye asiyetazama anapokanyaga. Kijana anasoma kichwa cha habari peke yake, anaona watu elfu wamekipenda, naye anapeleka mbele. Mara nyingi hata hakiamini. Anakipeleka kwa sababu kinachekesha, au kwa sababu marafiki wote wamekipeleka. Tena bando lake ni dogo, la WhatsApp tu, hawezi kufungua mahali habari ilipotoka. Anaona kipande cha sekunde 30 na hicho ndicho anachokijua juu ya vita vya miaka 30.

Na kuna jambo lililo zito zaidi. Mzee aliyekimbia alimjua jirani wa kabila lingine kabla ya vita. Walilima pamoja, walioana, walizikana. Hata akiwa na uchungu, anakumbuka jina la rafiki mmoja wa upande ule. Kijana aliyerithi uchungu bila kumrithi rafiki huyo, adui yake anamjua kwa njia ya simu tu. Ndiyo sababu matusi ya kikabila tunayoyaona katika makundi ya simu mara nyingi yanaandikwa na watoto ambao hawajawahi kuikanyaga nchi wanayoipigania.

Watu wenye elimu wamechunguza jambo hili katika nchi nyingine. Utafiti uliotolewa Januari 2019 juu ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika Facebook, waliozidi miaka 65 walisambaza habari za uongo karibu mara saba zaidi ya vijana. Wazee, msikasirike: watu walio wengi, wa umri wowote, hawakusambaza hata moja. Tena mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa kipimo cha vichwa 20 vya habari, vya kweli na vya uongo vikiwa vimechanganywa. Kule Marekani waliofanya vibaya zaidi walikuwa vijana wa chini ya miaka 30, na wazee waliwashinda. Basi kuamini ni jambo moja, na kusambaza ni jambo lingine. Wale si sisi, maisha yao si yetu, lakini somo linatufaa: hakuna umri uliopewa kinga.

Ndugu zetu, uvumi unaua. Wenzetu waliotoka Beni na Butembo wanajua. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kule tarehe 1 Agosti 2018. Mwezi uliofuata watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa miji hiyo miwili, na zaidi ya robo yao walisema ugonjwa huo haupo. Desemba mwaka huo uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, na wengi wakaona huo ni ushahidi kwamba ugonjwa ni hila ya siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutibu watu, aliuawa hospitalini Butembo. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kwisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Hata wenyeji wetu hapa Malawi wameonja uchungu huo. Mwaka 2017, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, ulienea uvumi wa wanyonya damu. Umati uliwaua watu kadhaa wasio na hatia, serikali ikaweka amri ya kutotembea usiku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya hizo mbili. Uvumi ule haukuhitaji intaneti. Ulihitaji hofu tu, na watu wasioulizana.

Na hapa kwetu? Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, simu hazikulala. Picha za maiti zilipita kutoka nyumba hadi nyumba. Nyingine zilikuwa za kweli, nyingine zilikuwa za miaka ya nyuma, za nchi nyingine kabisa. Wiki ile tuliona kwenye bomba la maji akina mama waliozoea kushikiana ndoo wakisimama mbalimbali bila kusalimiana. Tuliona watoto wakiulizana kabila kabla ya kucheza mpira. Hapakupigwa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo Kamati imekubaliana na wazee na vijana mambo haya manne.

Kwanza, tangazo lolote juu ya posho, uandikishaji au safari halitasomwa kwa kipaza sauti mpaka wajumbe wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wamekwenda ofisini kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Pili, kila bloku itachagua kijana wa kuwasaidia wazee na simu. Atawaonyesha alama ya mishale miwili katika WhatsApp, ambayo maana yake ni kwamba ujumbe umepita mikono mingi na hakuna anayemjua mwenyewe. Atawaonyesha pia jinsi ya kutafuta picha ilikoanzia. Afanye hivyo kwa adabu, asimcheke mzee.

Tatu, kila Jumapili jioni wazee wataketi na vijana na kuwasimulia: si vita peke yake, bali pia majirani wa kabila lingine waliowaficha, waliowavusha mto, waliowapa chumvi njiani. Hadithi hizo haziko katika simu. Zitakufa na wazee tusipozisikiliza.

Nne, anayepokea habari ya kulitukana kabila lolote, iishie kwake. Kuifuta si woga.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna ombi moja. Mnapochelewa kusema, uvumi hauchelewi. Posho ikipungua, tuambieni mapema na sababu yake, katika lugha tunazozielewa, na kwa mdomo wa mtu anayeweza kuulizwa. Afadhali habari mbaya yenye mwenyewe kuliko habari njema isiyo na mwenyewe.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunawaheshimu wahenga, lakini hawakuwa na simu. Siku hizi lisemwalo huenda halipo, na likaja kwa sababu tu tumelisema sana. Tumekwisha kukimbia mara moja kwa ajili ya maneno ya watu. Hapa tulipo hatuna pengine pa kukimbilia, na jirani tuliye naye ndiye tutakayemwita usiku mtoto akiugua.

Mungu awabariki, na aturudishe makwetu kwa amani.