Kutoka Nyasi-Bahari hadi Meza ya Mkataba: Kazi ya Amanda Vincent katika Uhifadhi wa Farasi-Bahari na Mafunzo Yake kwa Uvuvi wa Pwani

1. Utangulizi

Farasi-bahari ni samaki wadogo wa jenasi ya Hippocampus, yenye spishi zaidi ya 40, ambao huishi zaidi katika maji ya kina kifupi penye nyasi-bahari, matumbawe na mikoko, ukiwemo ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki. Mada hii inachunguza kazi ya Amanda Vincent, mwanabiolojia wa bahari kutoka Kanada na profesa wa Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver, ambaye ameshughulika na samaki hao tangu miaka ya 1980. Hoja kuu ni kwamba kila hatua ya kazi hiyo ilifichua upungufu wa hatua iliyoitangulia: elimu ya tabia za samaki haikutosha bila kuijua biashara, kuijua biashara hakukutosha bila ushirikiano wa wavuvi, na sheria ya kimataifa nayo haikutosha pale ambapo nyavu ziliendelea kukokotwa chini ya bahari.

2. Elimu ya kiumbe chenyewe

Vincent alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1990 kwa utafiti juu ya uzazi wa farasi-bahari, na anatambuliwa kuwa mwanabiolojia wa kwanza kuwachunguza samaki hao chini ya maji katika makazi yao ya asili. Jambo lililowavutia wataalamu ni kwamba kwa samaki hawa dume ndiye anayebeba mimba: jike hutaga mayai ndani ya mfuko ulio tumboni mwa dume, naye huyarutubisha, huyapatia hewa na kuyalea kwa wiki kadhaa hadi atoe watoto ambao, kutegemea spishi, huweza kuwa makumi au hata mamia.

Uchunguzi wa spishi ya Hippocampus whitei katika maji ya Sydney, Australia, ulionyesha kwamba dume na jike mmoja huambatana katika msimu wa uzazi bila kubadilisha wenza. Kila asubuhi jike humwendea dume wake, wote wawili hubadilika rangi, hushika kwa mikia yao unyasi mmoja na kuuzunguka kwa dakika chache, kisha huachana hadi siku inayofuata. Tabia hiyo ina uzito katika uhifadhi, kwa sababu mvuvi anapomchukua mmoja wa wawili hao, uzazi wa aliyebaki husimama mpaka apate mwenza mwingine, na kumpata si rahisi kwa samaki asiyeogelea mbali na anayeishi kwa kutawanyika.

3. Kuifuata biashara

Utafiti wa tabia za samaki hao ungeweza kuishia hapo. Hata hivyo, Vincent aligundua kwamba samaki aliokuwa akiwachunguza walikuwa wakiuzwa kwa wingi wakiwa wakavu kwa ajili ya tiba ya jadi ya Kichina na mapambo, na wakiwa hai kwa ajili ya matangi ya kufugia samaki. Ripoti yake ya mwaka 1996, iliyotolewa na TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya viumbe pori, ilieleza ukubwa wa biashara hiyo, iliyokuwa ikihusisha mamilioni ya farasi-bahari kila mwaka bila ya kusimamiwa ipasavyo. Mwaka huohuo yeye na Heather Koldewey wa Uingereza walianzisha Project Seahorse, taasisi inayounganisha utafiti, kazi ya vijijini na ushauri wa sera.

4. Kufanya kazi na wavuvi: mfano wa Handumon

Kituo kilichoipa kazi hii sura ya kijamii ni Handumon, kijiji cha kisiwa cha Jandayan karibu na Bohol nchini Ufilipino. Wavuvi wa huko walitoka usiku kwa vyombo vidogo vinavyofanana na ngalawa, taa ya mafuta ikiwa imefungwa omoni, wakapiga mbizi kwa pumzi zao wenyewe, wakichoma samaki kwa mkuki na kuwaokota farasi-bahari kwa mkono. Kwa kaya zisizo na shamba wala mtaji, farasi-bahari walikuwa fedha taslimu, na kuwaambia wavuvi hao waache kungekuwa sawa na kuwaambia walale na njaa.

Kwa hiyo njia iliyochaguliwa ilikuwa ya kupunguza madhara kwa kukubaliana. Mwaka 1995 wanakijiji walitenga eneo la bahari lisilovuliwa, wakalilinda wenyewe, na madume wenye mimba waliokamatwa waliwekwa katika vizimba baharini hadi wazae ndipo wauzwe. Utaratibu wa kutenga maeneo ulienea baadaye katika ukanda wa matumbawe wa eneo hilo, uitwao Danajon, ambako yalianzishwa maeneo zaidi ya 30 yanayosimamiwa na jamii.

5. Mkataba wa kimataifa na mipaka yake

Novemba 2002, katika mkutano uliofanyika Santiago, Chile, nchi wanachama wa CITES, yaani mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe pori vilivyo hatarini kutoweka, zilikubali kuwaingiza farasi-bahari wote katika Kiambatisho cha II, na uamuzi huo ukaanza kutumika Mei 2004. Kiambatisho hicho hakipigi marufuku biashara, bali kinaitaka nchi inayouza nje ithibitishe kwamba mzigo umepatikana kihalali na kwamba uvunaji wake haudhuru idadi ya viumbe hao baharini. Ili kuzisaidia nchi zisizo na takwimu, ilipendekezwa kipimo cha chini cha sentimita 10, kinachochukuliwa kutoka ncha ya kishungi cha kichwani hadi ncha ya mkia ulionyooshwa, ili samaki wa spishi nyingi wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa.

Mipaka ya hatua hiyo ilijitokeza kwa namna tatu. Kwanza, nchini Ufilipino sheria ya uvuvi ya mwaka 1998 ilikataza kuvua kiumbe chochote kilichoorodheshwa na CITES, hivyo mkataba uliokusudiwa kuratibu biashara ukageuka kuwa katazo kamili kwa wavuvi wadogo walewale walioshiriki kuhifadhi. Pili, utafiti uliofanywa Hong Kong mwaka 2016 na 2017 ulibaini kwamba takriban asilimia 95 ya farasi-bahari wakavu walioingia sokoni humo walitoka katika nchi zilizokwisha kupiga marufuku mauzo ya nje, jambo linaloonyesha kuwa katazo lisilosimamiwa huihamishia biashara gizani. Tatu, na ndilo zito zaidi, wengi wa samaki hao huvuliwa bila kukusudiwa: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 kutokana na taarifa za nchi 21 yalifikia farasi-bahari wapatao milioni 37 kwa mwaka. Kipimo cha sentimita 10 humfaa mvuvi anayeokota kwa mkono, lakini wavu unaokokotwa chini haupimi, haubagui dume mwenye mimba, na huzing'oa nyasi-bahari zenyewe.

Ndiyo maana katika miaka ya karibuni Vincent ameelekeza nguvu zaidi katika kupinga uvuvi wa kukokota chini. Mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Indianapolis, akiwa mhifadhi wa kwanza wa viumbe wa baharini kuipata.

6. Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Kazi hii inaihusu pwani ya Waswahili moja kwa moja, kwa kuwa utafiti ambao Vincent alishiriki, uliochapishwa mwaka 2004, ulichunguza biashara ya farasi-bahari nchini Kenya na Tanzania. Hifadhi ya Bahari ya Mafia na vikundi vya usimamizi wa fukwe, yaani BMU, vinatoa msingi wa kufanya yale yaliyofanyika Handumon. Aidha, juya, yaani wavu unaokokotwa kuelekea ufukoni, ambalo limekatazwa kisheria katika nchi zote mbili lakini bado huonekana, huharibu, kwa kiwango cha kijiji, kile ambacho meli ya kukokota huharibu kwa kiwango cha kitaifa.

7. Hitimisho na hoja za mjadala

Kazi ya Vincent inathibitisha kwamba mtaalamu anayeanza na samaki mmoja hulazimika kuishughulikia bahari nzima. Washiriki wanaalikwa kujadili hoja tatu: ni takwimu zipi BMU zinaweza kukusanya mialoni kuhusu farasi-bahari wanaonaswa katika nyavu, ni vipi sheria za kitaifa zinaweza kuutekeleza mkataba wa CITES bila kumwadhibu mvuvi mdogo, na iwapo ulinzi wa nyasi-bahari dhidi ya juya na meli za kukokota haupaswi kutangulia orodha yoyote ya spishi zinazolindwa mojamoja. Mada hii inapendekeza kwamba hoja ya tatu ipewe kipaumbele, kwa sababu mbili za kwanza hazitakuwa na maana iwapo makazi yenyewe yatakuwa yamekwisha.