Ushuru wa Moshi Mijini na Tartibu ya Kuutetea: Shauri la London



Nimetakiwa niseme juu ya kampeni za kutoza ushuru magari yachafuayo hewa mijini, nami nimeuchagua mji wa London, kwa kuwa ninaamini kwamba waliokuwa na haki katika shauri lile walikaribia kushindwa, si kwa udhaifu wa hoja yao, bali kwa kukosa tartibu: walimwendea mwenye gari kuukuu kwa madai kabla ya kumwendea kwa msaada.

Ushuru wenyewe, uitwao ULEZ, ulianza katikati ya mji tarehe 8 Aprili 2019, wakati wa Meya Sadiq Khan. Gari dogo lisilotimiza kiwango cha moshi hulipa pauni 12 na nusu kwa siku. La petroli sharti lifikie kipimo cha Ulaya kiitwacho Euro 4, ambacho aghalabu ni cha magari ya tangu 2006, na la dizeli Euro 6, yaani takriban tangu Septemba 2015. Kamera zilizotundikwa njiani hazipimi moshi hata chembe; husoma namba ya gari na kuitafuta katika daftari la usajili, na daftari ndilo linalohukumu. Siku huhesabiwa kutoka saa sita ya usiku hadi saa sita ya usiku, hata mfanyakazi wa zamu atokaye kwake saa tano ya usiku na kurejea alfajiri huwa ametumia siku mbili, akatoa pauni 25. Na akichelewa kulipa kupita usiku wa siku ya tatu, hupelekewa faini ya pauni 180, ambayo hukatwa nusu akiiwahi ndani ya siku 14. Ama gari la kale lililopita umri wa miaka 40, hilo husamehewa kwa heshima ya uzee wake, ijapokuwa moshi wa mzee nao si udi.

Watetezi wa ushuru huu walizoea kunena habari za mikrogramu na nitrojeni dioksaidi, maneno ya kweli yasiyomnyima mtu usingizi, ilhali kisa cha kuwanyima kilikuwapo. Ella Adoo-Kissi-Debrah, binti wa miaka 9 mwenye pumu, aliyekaa na mamaye huko Lewisham karibu mno na barabara ya South Circular, alifariki Februari 2013 baada ya kulazwa hospitali mara nyingi. Mamaye, Rosamund, hakuridhika na uamuzi wa awali juu ya kifo hicho; akadai shauri lifunguliwe upya, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, akaamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo kile, ukaandikwa katika sababu zake, jambo lisilopata kutokea Uingereza. Basi zingatieni haya: ushuru ulipopanuliwa Oktoba 2021 ulifika hadi South Circular ukakoma ukingoni, barabara yenyewe ikaachwa nje, nayo ikabaki nje hadi tarehe 29 Agosti 2023, ushuru ulipoenea mji mzima. Aliyetaka hoja ya kuupanua hakuwa na haja ya kwenda mbali na barabara ile.

Wapinzani nao tusiwadharau. Mwaka 2001 serikali iliifuatisha kodi ya magari na kiasi cha gesi ya ukaa, na kwa kuwa dizeli hutoa gesi hiyo kwa uchache, watu wakavutwa kununua dizeli. Kisha watu wale wale wakaja kuambiwa kwamba dizeli zao zinaua. Yalipofichuka mwaka 2015 ya Volkswagen kuhadaa vipimo vya moshi wa dizeli, uchungu ulizidi, na kwa insafu hatuwezi kusema haukuwa na msingi. Pembezoni mwa mji, kwenye mabasi machache, hasira zilifikia kukata nyaya za kamera, na tarehe 20 Julai 2023, katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Uxbridge, chama cha meya kikakosa kiti kwa kura 495, kiongozi wake akautupia lawama ushuru huo.

Na yote hayo ilhali takriban magari tisa katika kumi yalikuwa yamekwisha kutimiza kiwango! Aliyebaki ni yule fukara wa kumi, naye ndiye aliyecheleweshewa msaada. Fungu la kuwafidia wasalimishao magari yao lilikuwapo, pauni milioni 110 kwa kuanzia, lakini mwanzoni lilikuwa la wapokeao ruzuku fulani, walemavu na wenye biashara ndogo. Ilikuwa tarehe 21 Agosti ndipo kila mkazi alipofunguliwa mlango wa pauni 2,000 kwa gari, siku 8 tu kabla ya kutozwa. Laiti mlango huo ungefunguliwa mwaka mmoja kabla, sidhani Uxbridge ingepotea.

Linganisheni na Milano: huko walianza 2008 kuyatoza magari kwa daraja la uchafu, na wananchi walipoulizwa Juni 2011 walio wengi sana wakataka jambo lizidishwe. Walikuwa wamekwisha kuliishi.

Ama kwetu, Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu wa magari bandarini, na Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Yote hayo humkuta mtu mara moja, gari liingiapo nchini, na baada ya hapo hulichakaza apendavyo. Ushuru wa kila siku ungeliangukia kwanza daladala na matatu. Mabasi ya London yako chini ya mamlaka ya meya, aliyeweza kuamuru yasafishwe kwanza. Daladala ni mali ya mtu, na akitozwa asubuhi, abiria atalipa jioni. Ningependa, Mwenyekiti, mjadala uanzie hapo: nani atoe fungu la kumbadilishia mwenye daladala gari lake, na litolewe miezi mingapi kabla ya kamera ya kwanza kutundikwa.