Redio Mbao na Subaru Isiyokuwapo

Kuna redio moja hapa Arusha ambayo haina mitambo, haina leseni wala mtangazaji anayejulikana kwa jina, lakini inasikika vizuri kuanzia Kwa Mrombo mpaka Usa River. Ni redio mbao. Mimi mwenye stashahada yangu ya uandishi wa habari na miaka kadhaa mbele ya kipaza sauti nakiri kwamba redio hiyo inanizidi kwa wasikilizaji.

Siku hizi habari yake kuu ni gari. Ati Subaru WRX STI mpya inakuja. Ukikaa kijiweni Mianzini utaambiwa ina nguvu za farasi 400. Ukifika Kijenge, farasi wamekwisha zaliana, wako 500. Pale Sanawari nilimkuta kijana anayeapa kwamba moja imeshashushwa bandarini Dar es Salaam, imefunikwa turubai. Nikamwuliza nani kaiona. Akasema shemeji ya rafiki yake.

Ningecheka nikanyamaza, lakini Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani. Kijana huyu huendesha gari la watalii, si mlevi, si mtu wa ovyo. Hakugusa hata chai. "Mjomba," akasema, "wewe ni mtu wa habari. STI mpya imetoka au haijatoka?" Nikamwuliza mbona anauliza kwa uso ule. Ndipo akatoa mfukoni risiti iliyoandikwa kwa mkono: shilingi milioni 4, kishika uchumba cha gari ambalo dalali mmoja alimwambia kwamba nafasi zake zinajaa upesi. Akiba ya msimu mzima wa watalii ilikuwa pale kwenye kikaratasi.

Simlaumu kwa kuipenda Subaru. Mwaka 1997 mimi nilikuwa kidato cha tatu, na tulijikusanya kwenye redio ya betri kusikia habari za Safari Rally ng'ambo ya Namanga. Mwaka ule Colin McRae wa Scotland alishinda akiwa na Impreza ya rangi ya buluu yenye ringi za dhahabu. Mwaka 2000 Richard Burns wa Uingereza akashinda tena na Subaru. Wote wawili wamekwisha kufa, Burns mwaka 2005 na McRae mwaka 2007, na kampuni yenyewe iliacha mashindano ya dunia mwisho wa 2008. Lakini nenda Njiro jioni usikie eksozi zinavyonguruma, utadhani bado wapo.

Tena iko sababu ya kifundi, ambayo watu wa Dar es Salaam hawaijui sana. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wa mita zaidi ya 4,500. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya asilimia 15. Injini ya kawaida hupungukiwa na nguvu kwa kiasi hicho hicho, maana haipati hewa ya kutosha kuchomea petroli. Injini yenye turbo huisukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo pengo hilo hulifidia kwa sehemu kubwa. Mtu aliyepanda kutoka Ngaramtoni kwenda Oldonyo Sambu kwa gari la kawaida, halafu akapanda kwa lenye turbo, habishani tena.

Sasa niseme ninayoyajua, maana redio mbao haidanganyi kwa kutunga kila kitu. Hupata mfupa wa kweli, kisha huuvika nyama.

Mfupa wenyewe ni huu. Mwezi Machi 2022 kampuni ya Subaru ilitangaza kwamba haitaunda STI mpya ya injini ya petroli juu ya umbo la WRX lililokuwa limetoka. Kule Japani kwenyewe, injini maarufu ya EJ20 ilikuwa imekwisha kuagwa: mwaka 2019 walitangaza toleo la mwisho, magari 555 tu. Kisha mwezi Oktoba 2025, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, wakaweka jukwaani magari mawili yenye herufi za STI, moja la injini ya petroli, jingine la umeme. Yalikuwa magari ya maonyesho. Gari la maonyesho ni kama mchoro wa nyumba: waweza kuusifu, lakini huwezi kulala ndani yake.

Iko na kweli nyingine inayowachanganya vijana. Tangu 2021 Japani kuna gari liitwalo WRX S4 STI Sport R. Herufi zimo, lakini gia zake ni za kujibadilisha zenyewe, na si mrithi wa ile ya McRae. Mwenye kuuza beji atakuuzia hata jina.

Nisiwe mkali mno kwa wavumishaji. Kuna wakati walikuwa sahihi kuliko karatasi. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 mpaka 2004 makampuni ya Japani yalikubaliana kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Mafundi wakawa wananong'ona kwamba baadhi ya magari yale yana zaidi ya yaliyoandikwa, na yalipopimwa kwa mashine ikaonekana kweli yalizidi. Lakini tofauti ni hii: yale magari yalikuwapo. Ungeweza kufungua boneti ukaona.

Na kama STI mpya itaundwa kweli, lini itafika kwetu? Magari yetu mengi hutufikia yakiwa yametumika Japani miaka mingi. Anayesubiri Arusha na asubiri kwanza Mjapani achoke nalo. Kisha kuna ushuru, ambao huongezeka gari likiwa limezeeka. Kuna petroli pia: STI za Japani ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya kule, na ukizikaza turbo huku ukitia mafuta ya daraja la chini, pistoni hupasuka. Waulize mafundi wa Unga Limited wamefungua injini ngapi za namna hiyo. Na hizo farasi 500 zitakimbilia wapi? Barabara ya njia nne kutoka Sakina mpaka Tengeru ni kilomita 14 na kidogo, ina bodaboda, ina wanafunzi wanaovuka, ina mama wa ndizi, na kwenye makazi ya watu sheria ni kilomita 50 kwa saa. Ila hilo si shauri la leo.

Shauri la leo ni risiti ya mpwa wangu. Nilimwambia jambo moja tu. Kila gari lililoundwa lina namba ya chesisi, lisiloundwa halina. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie muuzaji akupe namba hiyo, uipeleke kwa mtu anayejua kuisoma.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa dalali. Ana ofisi nzuri, ina kalenda ya magari ukutani. Tukaomba namba ya chesisi. Akasema itatoka Japani. Lini? Akasema vijana wa siku hizi hawana subira. Nikamwambia mimi si kijana, na kwamba kazi yangu ni kutangaza. Akatutazama kidogo, akafungua droo.

Mpwa wangu amerudishiwa milioni 1 na nusu. Nyingine ameahidiwa mwisho wa mwezi, kwa maandishi safari hii, na mashahidi wawili, mmoja wao ni mimi. Tarehe hiyo ikifika nitawajulisha hapa hapa. Mpaka juma lijalo.