Hakupigwa, lakini aliacha masomo



Tuanze na mtoto mmoja wa darasa la nne hapa Goma. Familia yake ilikimbia vita kule Masisi. Alikuwa anafika ku masomo ya jioni tunayotoa bure, sisi wenye diplome bila kazi (hakuna aliyetutuma, tulijituma). Siku moja hakuonekana tena, hata asubuhi shuleni. Tulienda kwao. Hakuna jeraha, hakuna nguo iliyopasuka. Mama yake akatuambia: "Wanamuita mkimbizi. Hata jina lake wamelisahau."

Tukisikia watoto wanaonyanyasana, wengi wetu tunafikiria ngumi tu. Kweli, ngumi ipo, na mkubwa anayemnyang'anya mdogo franka mia tano za mandazi yupo. Hiyo inaonekana, mwalimu anaweza kuikamata. Ile isiyoonekana njo inatutesa. Kuna kumpa mtoto jina la kumcheka kwa sababu baba yake anasukuma chukudu. Kuna kumtenga: mpira unachezwa, yeye hapewi hata kusimama golini, na ku benchi wenzake wanasogea ili asipate nafasi. Kuna simu: picha ya sare iliyochanika inaingia WhatsApp usiku, asubuhi darasa nzima inamcheka mwenyewe kabla hajafika.

Na kuna "rudi kwenu". Hapa tusidanganyane. Mtoto wa miaka tisa hakutunga neno hilo. Amelisikia nyumbani, ku kituo cha motari, pengine kwetu sisi wenyewe tukibishana siasa. Yeye analipeleka tu ku rekreasyo.

Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure na madarasa yamejaa. Mwalimu mmoja hawezi kusikia yote. Tunaelewa. Lakini mwalimu anayecheka pamoja na watoto, huyo amelipigia jina lile muhuri. Nchi yetu ina sheria ya ulinzi wa mtoto tangu Januari 2009, na haikusema mtoto wa mji peke yake.

Kwa hiyo jioni, tusiulize tu "nani alikupiga?" Tuulize: "Leo ulikaa na nani? Ulicheza na nani?" Akinyamaza, tusiendelee na chakula kama kawaida.

Yule mtoto tulimrudilia mara tatu. Mara ya tatu tuliomba majirani wawili wa darasa lake watembee naye. Jumamosi alikuja. Alikaa karibu na mlango.