Anodi Ipimwe kwa Kile Inachorudisha



Sodiamu haina uhaba. Imo katika chumvi ya bahari na katika magadi ya Ziwa Magadi, na ni zaidi ya asilimia 2 ya gamba la dunia. Ugumu uko kwenye anodi, mahali sodiamu inapohifadhiwa betri ikichajiwa. Jioni hii natetea hoja moja: anodi tuipime kwanza kwa kile inachorudisha, ndipo tuulize inabeba kiasi gani.

Katika betri za lithiamu, ioni hupenya kati ya tabaka za grafiti, na gramu moja hubeba hadi miliampea-saa 372. Sodiamu ikiwa peke yake haifikii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Wengi husema ioni yake ni kubwa mno. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa ioni ya potasiamu ni kubwa zaidi na bado huingia. Kiini ni nishati: muungano wa sodiamu na grafiti si thabiti.

Mwaka 2000, Stevens na Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walionyesha kwamba kaboni ngumu iliyotokana na glukosi hubeba takriban miliampea-saa 300 kwa gramu. Tabaka zake zimekaa shaghalabaghala, na kati yake mna vitundu vidogo vinavyopokea sodiamu. Bati likitumiwa kama anodi, kwa hesabu, hufikia 847. Lakini likijaa sodiamu hutanuka hadi mara tano hivi ya ujazo wake, likapasuka.

Hata kaboni ngumu ina gharama yake. Inapochajiwa mara ya kwanza, elektroliti huvunjika kwenye uso wake na kujenga utando. Utando huo huilinda anodi, ila hunasa sodiamu ambayo hairudi tena. Katika betri kamili sodiamu yote hutoka kathodi, hivyo kila inayonaswa ni hasara ya kudumu. Kadiri uso ulio wazi unavyokuwa mpana, ndivyo hasara inavyozidi.

Hapa ndipo vifuu vya nazi vya pwani yetu vinapoingia, kama malighafi ya kaboni ngumu. Mkaa wa vifuu wa kuchujia maji hutengenezwa ili vitundu vyake vifunguke. Kwa anodi tunataka kinyume chake: madini ya majivu yaoshwe kwa asidi, kisha kaboni ipashwe moto pasipo hewa, nyuzi 1,200 hadi 1,500 za Selsiasi, mpaka milango ya vitundu ijifunge huku nafasi ya ndani ikibaki.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi na wasimamizi wao: msichapishe kamwe uwezo wa anodi bila kuandika kando yake asilimia iliyorudi katika mzunguko wa kwanza. Anodi inayobeba 300 na kurudisha asilimia 90 inatufaa kuliko inayobeba 400 na kurudisha nusu.