Mahali pa Kwanza Pasipo na Jina

Leo twataka kutazama pamoja nanyi habari za mkimbiaji mmoja wa Marekani, Marion Jones.

Mwaka 2000, katika michezo ya Olimpiki huko Sydney, Australia, alijipatia nishani tano: tatu za dhahabu na mbili za shaba. Mbio za mita 100 alizimaliza kwa sekunde 10.75, wenzake wakiwa mbali nyuma. Wengi wetu tulimshangilia.

Kumbe alikuwa akitumia dawa za kuongeza nguvu. Wachunguzi wa serikali walipomhoji mwaka 2003 alikana, naye akaendelea kukana kwa miaka. Maana uongo, ukishauzaa, huna budi kuulea. Oktoba 2007 akakiri mahakamani, akatoka nje, akasimama mbele ya watu akilia na kuomba radhi. Januari 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Tena angalieni: hakufungwa kwa kuzitumia dawa, bali kwa kuwadanganya wachunguzi juu ya dawa hizo na juu ya hundi za uongo.

Twapenda kusema kwamba mkosaji hubeba mzigo wake mwenyewe. Si kweli. Wenzake waliopokezana naye kijiti walivuliwa nishani zao pia mwaka 2008, wakaenda kudai haki yao, wakarudishiwa mwaka 2010. Pauline Davis-Thompson wa Bahamas, aliyekuwa wa pili katika mita 200, alipewa dhahabu yake baada ya miaka tisa. Wimbo uliopigwa siku ile ulikuwa wa Marekani, na siku ile hairudi.

Na zile mita 100? Wa pili, Katerina Thanou wa Ugiriki, hakupandishwa, kwa kuwa naye alikuwa na doa la kukosa kupimwa dawa mwaka 2004. Hata leo, ukitazama orodha ya washindi, mahali pa kwanza hapana jina.

Ndugu zetu, Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mbio, nasi twahubiri sana juu ya taji. Lakini katika makanisa yetu wamo walio na neno moja wanalotamani kulisema, ila wanayaogopa macho yetu. Yule dada alipolia pale nje ya mahakama, sisi tulisema nini sebuleni mwetu? Tulicheka?

Tunyamaze kidogo, kisha tuombe.